Kitabu cha Miji Mikuu Kisichokuwa na Sanad



Wiki tatu zilizopita mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi, alirudi skuli amenuna, na karatasi ya mtihani ameikunja mkononi. Aliulizwa mji mkuu wa Tanzania, akaandika Dodoma, akatiwa alama ya kosa. Pembeni, kwa wino mwekundu, ameandikiwa: Dar es Salaam. Nikamuuliza, "Nani aliyekwambia Dodoma?" Akanitazama akasema, "Babu, si wewe?"

Basi deni likawa langu. Kesho yake asubuhi nilikwenda skuli. Mwalimu ni kijana mwenye adabu zake, hakunijibu kwa ukali. Alivuta mtoto wa meza akatoa kitabu kidogo cha rangi, kile kiuzwacho madukani na kwenye meza za barabarani, chenye bendera na miji mikuu ya nchi zote za ulimwengu. "Sheikh," akasema, "mimi nimesahihisha kwa kitabu." Sikuwa na la kumjibu pale pale. Nikarudi kwa njia ya sokoni, nikanunua nakala yangu, na nimekisoma tangu jalada mpaka jalada. Haya ndiyo maoni yangu juu yake. Jina la kitabu silitaji, wala la aliyekipiga chapa, maana vitabu vya namna hii ni vingi na makosa yake ni ya ukoo mmoja.

Nianze kwa insafu. Karatasi yake ni nzuri, rangi za bendera hazikuvujiana, na herufi zake ni kubwa hata nimezisoma bila ya kusumbuka na miwani. Bei yake haimtoi jasho mzazi. Wala mimi si katika hao wanaocheka kuhifadhi. Sisi tuliosoma chuoni tumelelewa kwa kuhifadhi, na mtoto wa umri ule anachokishika leo huzeeka nacho. Kwa sababu hiyo hiyo yapasa kuangaliwa sana kile anachoshikishwa.

Aibu ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba hakina mwaka. Nimetafuta ukurasa wa mwanzo, nimetafuta wa mwisho, nimetafuta mgongoni: hapana mwaka wa kupigwa chapa, hapana jina la mtunzi, hapana neno la kusema habari hizi zimetolewa wapi. Mwenye duka aliniambia ni kitabu kipya, kumbe upya wake ni wa jalada. Sasa sisi, watu wa elimu yetu, tumefunzwa nini juu ya habari isiyokuwa na sanad? Mtu akikuletea maneno, humuuliza kwanza kayapata kwa nani, na huyo kayapata kwa nani, na lini alikutana naye. Hatukubali hata habari ya jirani kugombana na mkewe ila tuulize nani kasema. Lakini kitabu kikiwa na rangi tunakipokea kimya kimya, na tunamkosesha mtoto kwa ajili yake.

Na mambo ya miji mikuu hayataki kitu kama yanavyotaka tarehe. Kitabu chasema mji mkuu wa Nigeria ni Lagos. Ulikuwa, mpaka tarehe 12 Desemba 1991, serikali ilipohamia Abuja. Chasema wa Kazakhstan ni Almaty. Ulikuwa, mpaka 1997, na huo uliochukua mahali pake umekwisha kuitwa Astana, kisha Nur-Sultan mwaka 2019, kisha Astana tena mwaka 2022. Chasema wa Burundi ni Bujumbura, na tangu mwanzo wa 2019 makao ya siasa yamewekwa Gitega. Chasema Abidjan, na Côte d'Ivoire iliitangaza Yamoussoukro tangu 1983, ingawa kazi nyingi za serikali zimebaki Abidjan. Chasema Yangon, na watawala wa Myanmar walianza kufunga mizigo yao kwenda Naypyidaw mwishoni mwa 2005. Haya si makosa ya mtu asiyejua. Kila moja katika hayo lilikuwa kweli siku moja. Ni kweli iliyooza, na kweli iliyooza ndiyo shida zaidi kuitambua, kwa kuwa wazee waliomo nyumbani wataishuhudilia.

Hiyo Dodoma yenyewe iliyomtia mtoto wangu hasarani, tazama ilivyo. Chama cha TANU kilikata shauri mwaka 1973 kwamba makao makuu yahame Dar es Salaam. Bunge lilihamia 1996. Mawaziri na wizara zao walibaki pwani miaka na miaka, mpaka Rais Magufuli alipoamrisha mwaka 2016 serikali yote ihame, na mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Aliyejibu Dar es Salaam mwaka 1970 kasibu. Aliyejibu vivyo hivyo mwaka 1990 angeweza kusimama akahojiana nawe, na angekuwa na hoja. Leo hana. Jibu moja, nyakati tatu, hukumu tatu. Na kitabu kina neno moja tu.

Neno moja! Hapo ndipo ilipo aibu ya pili. Mtunzi kachora mistari, kila nchi kaipa nafasi ya jina moja, na nchi zisizoingia katika nafasi ile kazikata miguu. Afrika Kusini kaandika Pretoria. Lakini tangu nchi ile ilipounganishwa mwaka 1910, kwa kuwa makoloni yaliyoungana hakuna lililotaka kumwachia mwenziwe, serikali iliwekwa Pretoria, bunge Cape Town, na mahakama ya rufaa Bloemfontein. Bolivia kaandika La Paz. Katiba ya kwao yasema Sucre, na serikali kukaa La Paz ni matokeo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1899. Uholanzi ni Amsterdam kwa katiba, na serikali yake hukaa The Hague. Mtoto akiambiwa haya hachanganyikiwi, kama wanavyoogopa wapiga chapa. Mtoto ajua vizuri kuwa baba analala nyumba moja na duka lake liko mtaa mwengine.

Na uko mji mmoja ambao nilipoufikia niliweka kitabu chini. Mbele ya Israeli kimeandikwa Jerusalem, na mbele ya Palestina pameachwa peupe. Israeli ilitunga sheria mwaka 1980 ya kuufanya mji ule wote kuwa mji wake mkuu, na mwaka ule ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio la 478, likasema sheria hiyo ni batili na likazitaka nchi zenye mabalozi mle ziwaondoe. Wapalestina, katika tangazo lao la 1988, waliutaja Al-Quds kuwa mji mkuu wa dola yao. Marekani ikahamishia ubalozi wake huko mwaka 2018. Simtaki mpiga chapa awe kadhi wa shauri hili. Namtaka tu asimwambie mtoto kwamba hapana kesi.

Tuseme sasa makosa yote yamesahihishwa, na kila jina limetiwa mwaka wake. Hata hapo kitabu hiki kingekuwa kimemnyima msomaji kiini cha jambo, nacho ni swali la mtoto yeyote mwenye akili: kwa nini hapa? Kwani mji mkuu haukui kama mwembe. Ni watu waliokaa wakakubaliana, au mtu mmoja aliyeamrisha, kwamba kiti kiwekwe hapa na si pale. Na ukijua walikuwa wakikimbia nini na kukaribia nini, umejua nusu ya habari za nchi ile.

Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, ana mlango mzima juu ya miji. Haridhiki kutaja majina. Auliza maji yako wapi, hewa yake ni safi au ni ya kinamasi, malisho na mashamba na kuni viko umbali gani, na adui akija atapita wapi. Kisha hawaonei haya hata waliotutangulia: asema walioianzisha Kufa na Basra na Qayrawan walitazama malisho ya ngamia wao wakasahau mengine, na miji ikapata taabu kwa hilo. Huko ndiko kusoma mji. Na aliongeza jambo jengine linalofaa kuandikwa juu ya kila kitabu cha miji mikuu, kwamba dola ikianguka au ikihama, mji uliokuwa kiti chake hupungukiwa.

Mfano ni Baghdad. Al-Mansur alipoianzisha mwaka 145 Hijria, ndio 762, alichagua mahali ambapo Tigris na mifereji ya Furati inakaribiana, majahazi ya Basra yakipanda na mizigo ya Mosul ikishuka. Akaujenga mji wa duara wenye milango minne, ya Khurasan, Sham, Kufa na Basra, na kasri na msikiti katikati. Miaka sabini na kitu baadaye, mwaka 836, Al-Mu'tasim akauhama. Hakukuwa na ukame wala adui. Askari wake wa Kituruki walikuwa wakiwakanyaga watu kwa farasi njiani, na watu wa Baghdad wakiwavizia askari na kuwaua, naye mtawala alipotakiwa achague baina ya raia wake na askari wake, alichukua askari akaenda kuwajengea Samarra. Makhalifa walikaa huko mpaka 892, na wengine katika wao waliuawa na askari wale wale. Msomaji wa kitabu cha rangi angeona jina limebadilika tu.

Namna nyengine ni ya Brazil. Mji mkuu ulikuwa Salvador mpaka 1763, kisha Rio de Janeiro, yote miji ya pwani. Katiba ya 1891 ilikwisha kusema uwekwe bara, lakini ilingojea Rais Kubitschek, na Brasília ikafunguliwa tarehe 21 Aprili 1960, baada ya ujenzi wa miaka isiyotimia minne. Wachoraji wake, Lúcio Costa na Oscar Niemeyer, wamesifiwa dunia nzima. Maelfu ya mafukara waliotoka kaskazini-mashariki kuja kubeba zege hawakuwa na mahali katika ramani ile. Walitengewa vijiji vya kando, kikiwamo Taguatinga kilichoanzishwa 1958, hata kabla ya mji wenyewe kufunguliwa. Abuja vivyo hivyo: sababu yake ilikuwa njema, kuweka kiti katikati ya nchi pasipokuwa pa kabila lolote katika yale makubwa matatu, lakini pale palikuwa na wenyewe, Wagbagyi na wengineo, na wao ndio waliohamishwa.

Nisiende mbali kwa kuogopa ya nyumbani. Sayyid Said aliihamisha enzi yake kutoka Maskati kuja Unguja, kiasi cha mwaka 1840, na mikarafuu na biashara ya bara ndiyo iliyomvuta. Mwanawe Sayyid Majid akaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akafa 1870, na nduguye Sayyid Barghash hakuwa na haja nayo. Nyumba zikaachwa zikipigwa na upepo mpaka Wajerumani walipokuja kuifanya makao yao mwaka 1891. Na sisi Mombasa tulikuwa makao ya utawala wa Waingereza tangu 1895. Wakaanza reli hapa kwetu mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, mahali pa maji baridi kwa lugha ya Wamasai, penye kinamasi na kambi ya reli. Na mwaka 1905 makao yakapanda garimoshi yakafuata walowezi na hewa ya baridi. Reli iliyochimbuliwa mlangoni petu ndiyo iliyochukua kiti.

Nami sina haki ya kujitoa katika lawama hii. Nimefundisha miaka zaidi ya arobaini, na alasiri, baada ya masomo ya dini, nilikuwa nikiwaimbisha watoto nchi na miji yao, wao wakipenda na mimi nikiona raha. Niliwaimbisha Lagos miaka mingi baada ya 1991. Aliyenizindua ni mwanafunzi wangu mwenyewe, aliyekwenda kusoma huko Nigeria akarudi likizo, akanisubiri mpaka watoto wakatoka, ndipo akaniambia taratibu. Hakunifedhehi mbele yao. Nilimshukuru, lakini wale niliokwisha kuwafundisha sikuwaendea, na baadhi yao leo ni walimu. Huenda kijana yule wa skuli alifunzwa na mmoja wao, sikuthubutu kumuuliza.

Mwenye kitabu hiki akitaka kukipiga chapa tena, nampa ushauri usiozidisha gharama. Apunguze ukubwa wa bendera. Nafasi itakayopatikana atie mwaka uliowekwa mji, mji uliotangulia, na mstari mmoja wa sababu. Na mbele kabisa atie jina lake na tarehe, ili akikosea tujue wa kumwendea.

Alama ya mjukuu wangu haijarudishwa bado. Mwalimu kasema lazima amwone mkuu wa skuli. Lakini ameniomba nimwandikie orodha ya namna niliyoieleza, aibandike ukutani. Nimeanza jana baada ya Isha, mtoto akinishikia rula. Mstari wa kwanza tumeandika: Kenya, Nairobi, tangu 1905, kabla yake Mombasa.