Kosa la Nani? Juu ya Kiingereza cha Pwani ya Jambiani

Ukikaa kwenye mchanga wa Jambiani maji yakiwa yamekupwa, utasikia Kiingereza ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sarufi. Siku moja nilimwona mgeni akijikwaa kwenye jiwe, akielekea kutazama mashamba ya mwani. Kijana wa hapo akamwambia papo hapo, "sorry". Mgeni akashangaa, akamjibu kwamba yeye hana kosa lolote. Jioni yake nilikisimulia kisa hicho mjini, barazani kwa watu wa tungo. Wote walicheka, na waliyemcheka ni kijana.

Mimi namtetea. Alilokusudia kulisema ni "pole", neno ambalo Kiingereza hakina. Pole haikiri kosa. Hupewa mfiwa, mgonjwa, aliyechoka na kazi, hata aliyeelemewa na mzigo asioutwika msemaji. Kijana alilitafutia neno hilo vazi katika lugha ya mgeni, akachukua lililokuwa karibu, nalo likambana mabegani.

Makosa mengi ya pwani hii ni ya namna hiyo. Anayesema kwa Kiingereza kuwa "anaisikia" harufu ya samaki, amesema tunavyosema sote. Anayemwita dada yake "he" ametoka katika lugha ambayo "yeye" haimbagui mwanamume na mwanamke. Anayesema "borrow me" anatumia "kuazima", kitenzi kinachomtosha anayetoa na anayepokea. Na ukimuuliza kwa Kiingereza kama ngalawa haijaondoka, atakujibu "yes", ilhali ngalawa ipo palepale. Kwetu "ndiyo" huyakubali maneno ya muulizaji. Mwingereza kwa "yes" huthibitisha kwamba tendo limetendeka. Hapo mgeni hugeuka akarudi hotelini. Balaa zaidi ni saa. Kijana huahidi safari ya "two o'clock", naye moyoni ana saa mbili za asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo. Mgeni hutokea mchana na mwavuli wake, wakati bahari, ambayo haina habari na saa ya yeyote, imeshabadilika.

Tena tusisahau kwamba mtoto wa kusini ya Unguja hukifikia Kiingereza akiwa ameshavuka maji mengine. Kwa wazee wake kuna Kikae, ambacho kitovu chake ni Makunduchi, mwendo mfupi kutoka Jambiani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, maneno ya bibi yake yaligeuka makosa bila ya yeye bibi kukosea chochote. Haji Chum aliyakusanya mengi katika Msamiati wa Pekee wa Kikae, uliotoka mwaka 1994, na kila mpenda tungo angefaa aupitie. Lakini darasani mtoto huyo alishachekwa mara moja kwa lugha ya kwao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 nayo ikaelekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Aliyekwisha kuchekwa mara mbili hunyamaza, na mwalimu hudhani kwamba hesabu ndiyo iliyomshinda.

Sisi watu wa tungo tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Mshairi akilikata neno tunasema ametumia inkisari, akilirefusha, mazida, akigeuza sauti yake, tabdila. Akiupindua mpangilio wa maneno ili apate kina, tunasema ameboronga sarufi, na tunampa idhini. Yule wa ufukweni hana idhini ya mtu, ingawa naye anahangaika na kipimo kisichokuwa chake.

Ninalolilalamikia mimi ni kosa lisilochekwa. Tunamwambia mgeni "jambo", salamu ambayo hapana jirani anayempa jirani yake, kwani sisi huulizana "hujambo". Wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, uliotungwa kwa ajili ya masikio ya watalii, umeifanya salamu hiyo ienee pwani nzima, na "hakuna matata" ikafuata nyuma yake, hapa ambapo wazee wetu wangesema "hapana neno". Hayo ni ya biashara, na tumbo lina haki yake. Lakini hotuba zetu je? Mtu huchaguliwa "kama katibu", badala ya kuchaguliwa kuwa katibu. Msemaji hutuaga kwa kututakia "tuwe na siku njema", nasi tuna "kwaherini" na "alamsiki". Kila jambo sasa huishia "mwisho wa siku", hata likitokea asubuhi, na "hatimaye" imebaki kamusini. Kijana wa Jambiani anapokosea, Kiswahili chake ki kizima chini ya Kiingereza kibovu. Mzungumzaji huyu wa jukwaani ana maneno ya Kiswahili yaliyotandazwa juu ya Kiingereza, na tunamwita fasaha.

Majuzi tuliletewa barazani shairi la kijana wa mjini, ubeti wa mistari minne. Mizani kumi na sita zilitimia kila mshororo na vina vilikaa barabara. Katikati ya mshororo wa tatu palikuwa na "mwisho wa siku". Tulilisoma kwa sauti, mara mbili. Hakuna aliyecheka.