Onyo na Ukombozi: Kaida Mbili za Filamu ya Kutisha katika Night of the Living Dead na Get Out

Ikisiri

Filamu za kutisha hushutumiwa mara kwa mara kwa kurudia kaida zilezile. Makala hii inachunguza kaida mbili, yaani onyo linalopuuzwa na ukombozi wa mwishoni, katika Night of the Living Dead (1968) ya George A. Romero na Get Out (2017) ya Jordan Peele. Hoja kuu ni kwamba kaida hizo hubeba dhana kuhusu nani ana hatia na nani anastahili kuokolewa. Filamu hizi mbili huiweka wazi dhana hiyo kwa kumfanya mtu mweusi kuwa shujaa.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa ngano hatashangazwa na muundo wa filamu ya kutisha. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 ya wahusika, yakiwamo katazo, uvunjaji wa katazo na uokoaji wa shujaa. Filamu ya kutisha ya Marekani hufuata njia hiyohiyo. Vijana huonywa, hupuuza, huuawa mmoja baada ya mwingine, na anayesalia hufikiwa na msaada. Carol Clover, katika makala yake ya mwaka 1987, alimwita msalia huyo “msichana wa mwisho”. Mfano wake maarufu ni Laurie katika Halloween (1978) ya John Carpenter, ambaye huwa macho wakati wenzake wameshughulika na anasa.

Mantiki ya muundo huu haiko mbali na ya methali isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kifo kinakuwa adhabu, na mtazamaji hupata faraja ya siri kwamba yeye angesikia. Swali ambalo kaida hiyo haliulizi ni hili: je, ikiwa mtu atasikia na bado akavunjika guu?

2.0 Ben na Agizo la Runinga

Swali hilo ndilo kiini cha filamu ya Romero. Ben (Duane Jones) anajificha pamoja na watu wengine sita katika nyumba ya shambani iliyozingirwa na maiti wanaotembea. Ndiye anayeziba madirisha kwa mbao, anayepanga na anayesikiliza redio na runinga kwa makini. Runinga inaelekeza watu waende kwenye vituo vya uokoaji, na jaribio la kutii agizo hilo linawaua Tom na Judy baada ya gari kulipuka. Ben anabishana vikali na Harry Cooper kwamba chumba cha chini ya ardhi ni mtego. Hatimaye, ulinzi wa juu unapovunjika, ni chumba hichohicho kinachomhifadhi hadi asubuhi. Kwa hiyo, filamu inakataa kumfanya shujaa kuwa na busara isiyokosea, na pia inakataa kumfanya mkosaji anayestahili kufa.

Agizo jingine la runinga ni kwamba maiti hawa huangamizwa kwa risasi ya kichwa au kwa moto. Kunapopambazuka, sherifu na raia wenye bunduki wanawasili. Ben anakaribia dirisha, anapigwa risasi ya kichwa, kisha mwili wake unatupwa motoni. Agizo lililotolewa ili kuwalinda walio hai linatekelezwa neno kwa neno juu ya mtu aliye hai. Wawindaji hawakumchunguza, waliona umbo dirishani, nalo likatosha. Romero alieleza kwamba Jones alichaguliwa kwa sababu alifanya vizuri zaidi katika usaili. Hata hivyo, nia ya mwongozaji haifungi maana. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Oktoba 1968, miezi sita baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, na picha mgando za mwishoni, zenye kulabu za nyama juu ya mwili wa mtu mweusi, zinafanana na picha za habari kuliko za masimulizi ya kubuni.

3.0 Chris na Lugha ya Onyo

Peele anaanza na kaida ya onyo. Wimbo wa ufunguzi, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa “Sikiliza Kwa Wahenga”, na maneno yake ya Kiswahili yanamtahadharisha shujaa akimbie. Sintaksia ya anwani hiyo si ya mzawa wa lugha, kwani kitenzi “sikiliza” huchukua yambwa moja kwa moja. Tena, Kiswahili kinatumika hapa kama lugha ya wahenga wa Wamarekani weusi, ilhali wengi wa wahenga hao walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati Magharibi. Pamoja na kasoro hizo, uteuzi huu unageuza kaida. Wahenga wamesema, ila mjukuu ametengwa na lugha yao. Chris (Daniel Kaluuya) hawezi kulaumiwa kwa kupuuza asichoweza kuelewa. Lawama inahama kutoka kwa asiyesikia hadi kwenye historia iliyomziba masikio. Mtazamaji Mswahili anabaki katika nafasi ya pekee, kwa kuwa anaelewa mapema kuliko shujaa na hana namna ya kumfikia.

Ukombozi nao unapinduliwa. Mapema katika filamu, polisi anadai kitambulisho cha Chris ingawa dereva alikuwa Rose. Kwa sababu hiyo, taa za gari la doria zinapomulika mwishoni, Chris akiwa juu ya mwili wa Rose, mtazamaji aliyezoea kushusha pumzi anaishikilia. Aliyefika ni Rod, rafiki yake. Peele alikuwa amepiga mwisho mwingine ambamo Chris anafungwa gerezani. Inaweza kudaiwa kwamba mwisho uliochaguliwa unalegeza ukali wa filamu. Lakini hofu ya zile sekunde chache kabla mlango wa gari haujafunguliwa tayari imekwisha kutoa ushahidi, na furaha inayofuata haiwezi kuufuta.

4.0 Hitimisho

Kaida ya onyo humhukumu marehemu, na kaida ya ukombozi hudhani kwamba mwenye bunduki anamtambua mwanadamu amwonapo. Ben alisikia akafa. Chris aliokoka kwa sababu aliyekuja alimjua kwa jina. Umbali kati ya matokeo hayo mawili ndio unaoonyesha kwa nini urudiaji katika utanzu huu unastahili uhakiki. Kaida inaporudiwa juu ya mwili ambao haikuutarajia, ndipo sharti lake lililofichika linaposomeka.