Jicho la Msimulizi na Mhusika Anayesadikika: Kutoka Ukerewe hadi Ufuo wa Liuli

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuwapima wahusika kwa jozi aliyoiacha E. M. Forster mwaka 1927: mhusika bapa na mhusika duara. Jozi hiyo imeingia katika vitabu vya shule, katika mitihani na katika tasnifu nyingi zilizoitangulia hii. Kasoro yake ni kwamba humchukua mhusika kama kinyago kilichokwisha kuchongwa, bila kuuliza anatazamwa na nani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mhusika husadikika kwa mipaka ya yale anayoweza kuyajua zaidi kuliko kwa wingi wa sifa alizopewa. Na mipaka hiyo huwekwa na mtazamo wa usimulizi.

Hatua aliyoipiga Euphrase Kezilahabi kati ya Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) inaonyesha jambo hili. Katika riwaya ya kwanza msimulizi ni maizi. Anaingia nyumbani kwa Zakaria na Regina apendavyo, anajua fikra za kila mmoja, na hasiti kutoa hukumu. Rosa husadikika zaidi katika matendo yake kuliko katika maelezo ya msimulizi kuhusu malezi. Katika riwaya ya pili tunaona kwa macho ya Kazimoto peke yake. Manase, mwenziwe wa shule aliyekuwa Mkuu wa Wilaya na aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, tunampata kupitia kinyongo cha msimulizi. Kwa kipimo cha Forster, Manase angeitwa bapa. Mtafiti anaona kuwa ubapa huo ni wa jicho la Kazimoto, na ndio unaomfanya Kazimoto mwenyewe asadikike. Tena Kazimoto hajui mapema atakachokiona siku mtoto wake atakapozaliwa. Msimulizi maizi angejua, na pengine angetuonya. Riwaya ingebaki mawaidha.

Gérard Genette (1972) alitenganisha swali la nani anaona na swali la nani anasema. Tofauti hiyo inatosha kwa mjadala huu, na nadharia iliyobaki haitarudiwa hapa.

Kipimo kigumu zaidi kinapatikana katika ufuo wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Umatengo, mahali ambapo kisa kimoja kimesimuliwa mara nyingi bila mtu hata mmoja wa hapo kuwa mhusika. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, ikiongozwa na Rhoades, iliifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa chelezoni Liuli. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba Berndt, nahodha wa Kijerumani, alikwenda kwa mashua akiwa amehamaki, akamuuliza mwenzake kama amelewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Akachukuliwa mateka.

Katika masimulizi hayo, yaliyotungwa na upande wa adui yake, anayesadikika zaidi ni Berndt. Rhoades anajua kila kitu na kwa hiyo ni mtendaji tu. Berndt ana pengo katika ujuzi wake, na katika pengo hilo tunamwona mtu.

Je, mwandishi wa riwaya ya Kiswahili amweke nani ufuoni? Tuchukulie mwanamke anayeanika mihogo maweni, mwenye ndugu ng'ambo ya ziwa. Anazijua meli zote mbili. Amewahi kuwaona manahodha wakitembeleana. Mzinga unapolia, hana Ulaya wala Sarajevo ya kuufasiri; ana ndugu zake, ana chelezo, ana vijana waliokuwa wakifanya kazi hapo. Kishawishi kikubwa cha mwandishi wa leo ni kumtia kinywani hotuba kuhusu ukoloni. Hotuba hiyo inaweza kuwa ya haki kabisa, lakini siku hiyo haikuwa yake.

Hata jina la mahali hufichua jicho. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililowakumbusha sanamu ya Misri. Wenyeji waliliita jiwe hilo Pomonda. Msimulizi akiandika Sphinxhafen katika sentensi inayodai kuona kwa macho ya mwanamke yule, ameshapanda melini bila kuaga.

Yapo mapingamizi. Inaweza kusemwa kwamba kumwekea mhusika wa Kiafrika mipaka ya ujuzi ni kuirudia picha ya mwenyeji asiyejua kitu. Pingamizi hili ni zito, na lingeshinda kama mipaka ingekuwa ya upande mmoja. Lakini mwanamke huyu anajua njia za kukimbilia milimani, na anajua nani hakurudi kutoka chelezoni, mambo ambayo Rhoades hayaoni kwa darubini. Mwandishi anayemnyima ujuzi wa vita bila kumpa ujuzi huu amemdhulumu.

Linalobaki gumu ni lugha. Mwanamke huyu anaona kwa Kinyasa, na riwaya inasema kwa Kiswahili. Jina Pomonda linaweza kuachwa lilivyo. Lakini kilio chake mzinga wa pili unapolia hakina budi kuandikwa kwa lugha ambayo huenda yeye aliisikia tu kwa askari na wachuuzi.