Pikapu ikifungwa trela, hesabu ya tairi huanzia ekseli ya nyuma

Mteja anayenunua matairi ya pikapu huuliza saizi, plai na bei, hupapasa kashata, kisha hutoa hela. Kwa gari la mizigo midogo ya mjini, huenda mambo yakaenda. Gari likianza kuvuta trela, swali la kwanza hubadilika: trela likishafungwa, ekseli ya nyuma ina kilo ngapi?

Tuichambue kazi moja ya kawaida. Toyota Hilux ya milango minne, yenye rimu za inchi 16, inavuta kompresa ya wachimba visima. Trela na kompresa yake vina kilo 1,800. Yupo dereva atakayedhani kilo zote hizo zinaangukia matairi ya pikapu, na yupo atakayedhani haianguki hata moja, kwa kuwa trela lina magurudumu yake. Wote wawili wamekosea. Trela lililopangwa vizuri hulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tukichukua 10, ni kilo 180.

Lakini kilo 180 kwenye ndoano ni zaidi ya 180 kwenye ekseli. Ndoano iko nyuma ya magurudumu, hivyo uzito wake hukandamiza nyuma na papo hapo kuinua pua ya gari. Kati ya ekseli mbili za Hilux hii kuna mita 3.085. Ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, gawanya 1.2 kwa 3.085, kisha zidisha kwa 180: kilo 70 zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Ekseli ya nyuma imeongezewa 250. Hapo ndipo dereva anapohisi usukani umekuwa mwepesi.

Tuseme kabla ya kufunga trela, gari likiwa na watu na vifaa, ekseli hiyo ilisoma kilo 1,450 kwenye mzani wa ghala la nafaka. Sasa ina 1,700, yaani 850 kwa kila tairi kama mzigo umegawanyika sawa. Haugawanyiki sawa. Kisanduku cha spana kimewekwa upande mmoja, barabara ina mteremko wa kando, na kwenye kona tairi la nje hubeba zaidi. Tairi linalofaa ni lile linalozidi 850 kwa pengo la kueleweka.

Turudi dukani. Muuzaji ana tairi mbili zinazoingia kwenye rimu hizo: 215/70R16 100H na 205R16C 110/108. La kwanza ni pana zaidi, linapendeza machoni, na hapo ndipo mtu huingizwa mkenge. Namba ya mzigo ni ile inayofuata saizi. Namba 100 ni kilo 800. Namba 110 ni kilo 1,060. Jozi ya lile pana inabeba kilo 1,600, pungufu ya kilo 100 kwa ekseli yetu, na ni tairi la magari ya abiria. Jozi ya lile jembamba inabeba 2,120, na mzigo wetu unakula asilimia 80 tu. Jembamba limeshinda.

Ile 108 baada ya mkwaju ni kilo 1,000, uwezo wa tairi hilohilo likifungwa mawilimawili upande mmoja kama kwenye lori. Haina uhusiano na mbele au nyuma. Nayo plai 8 ya siku hizi haimaanishi tabaka nane za nyuzi. Ni daraja la nguvu. Kilo zisomwe kwenye namba ya mzigo.

Kuna sharti ambalo wengi hulipita. Kilo 1,060 za 205R16C hupatikana kwa upepo wa psi 65. Fundi wa pancha aliyezoea magari madogo atajaza 35 na kupiga tairi teke kuthibitisha. Kwa upepo huo, uwezo hushuka hadi theluthi mbili hivi, karibu kilo 700 kwa tairi. Jozi sasa inabeba 1,400: tairi zuri limekuwa dhaifu kuliko lile tulilolikataa. Ukuta wake hukunjika na kunyooka kila mzunguko, joto hupanda, na mpira huanza kuachana na nyuzi za chuma. Kupasuka huja baadaye, mara nyingi mwendo ukiwa umekolea na lami ikiwa ya moto.

Ubishi kuhusu upepo si mpya. Mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe nchini Marekani, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer. Ford ilikuwa imeelekeza psi 26, na Firestone baadaye ikataka 30. Kampuni hizo zililaumiana hadharani, Ford ikitaja ubovu wa tairi, Firestone ikitaja gari, mzigo na upepo mdogo.

Trela nalo lina hesabu yake. Ukitoa kilo 180 zilizo kwenye ndoano, zinabaki 1,620 kwa matairi mawili, 810 kila moja. Tairi la 195R14C lenye namba 106 hubeba 950, linatosha. Shida ni umri: trela huegeshwa juani miezi mingi, kashata zikabaki nzima huku mpira ukikauka. Tazama tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Kwa tairi la mtumba, anza hapo.

Na tairi lenye namba kubwa haliongezi uwezo wa gari. Kikomo cha ekseli kilichoandikwa kwenye kibati cha kiwandani, rimu, springi na breki vinabaki vilevile.

Kwa hiyo pima ekseli ya nyuma trela likiwa limefungwa, gawanya kwa mbili, ongeza robo, ndipo umtajie muuzaji namba ya mzigo unayoitaka. Kwa kilo 850 robo inakufikisha karibu 1,060, yaani namba 110. Kabla ya safari pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe.