Siku ya Horombo Haikatwi

Aliyepanga ratiba ya safari ile ya Desemba, ya watu wetu wa Rukwa kupanda Kilimanjaro, alikosea mahali pamoja, na yote yaliyotukuta juu ya Kibo yalianzia hapo. Aliufuta usiku wa pili wa Horombo. Siku iliyopatikana akaipeleka chini Marangu, kundi likatembezwe kwenye maporomoko ya Kinukamori na mahandaki ya Wachagga, kisha ndipo waingie getini. Video mmeziona. Kuanzia Mwimbi hadi Matai, na Sumbawanga mjini pia, imezunguka ile ya mwenzetu anayeshushwa kwa toroli la tairi moja huku akiuliza kama basi limeshafika Tunduma. Wengi mlicheka. Mtu asiyejua yuko wapi akiwa mita 4,700 huwa ubongo wake umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushushwa upesi. Vijana waliomshusha usiku ule walimwokoa maisha.

Njia ya Marangu mnaijua, ila tuipitie kwa mita, maana ratiba ya mlima husomwa kwa mita. Mandara iko 2,720. Horombo 3,720. Kibo 4,720. Kila kituo kinakurusha mita elfu moja kamili, na ukifika Kibo jioni unaamshwa kabla ya saa sita usiku kupanda nyingine 1,175 mpaka Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kwa kipimo hicho Marangu ni njia kali hata ukiipa siku sita. Usiku wa pili wa Horombo ndio unaoifanya ivumilike: asubuhi unapanda taratibu kupita mawe ya Zebra kuelekea Mawenzi, unakaa kidogo, unarudi kulala palepale 3,720. Panda juu, lala chini. Kila mgumu aliyewahi kubeba mzigo njia ile anaisema hata usingizini, na mimi nimeubeba.

Sasa rudini kwenye jioni ya siku ya pili ya kupanda, pale Horombo, kwa sababu ndipo mambo yalipoamuliwa. Kwa maelezo ya waliokuwepo, kulikuwa na watu wawili wanaoumwa kichwa tangu mchana, mmoja amekataa kula, mwingine ametapika. Kipima oksijeni cha kidoleni kilipitishwa meza nzima. Msaidizi wa kiongozi, kijana wa Kilema anayejua kazi yake, alisema wazi: tubaki hapa kesho. Kiongozi wa msafara akajibu kwamba ada za hifadhi zimelipwa kwa siku tano, mabasi ya kurudi Rukwa yamekatiwa tiketi, na tarehe 9, Siku ya Uhuru, lazima bendera iwe kileleni. Asubuhi wakapandishwa Kibo.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na silioni mahali linaposimama. Ada ya siku ya ziada ni fedha, na fedha inachangishwa kama ilivyochangishwa ile ya fulana za safari. Tiketi inabadilishwa. Tarehe 9 haina nguvu yoyote juu ya mapafu ya mtu. Dalili tatu za kuumwa kimo zilikuwa mezani, wazi, na kanuni ya mlima inayofundishwa kila mwongozaji tangu siku ya kwanza ni kwamba mwenye dalili hapandishwi kulala juu zaidi mpaka dalili ziishe. Zikigoma kuisha, anashuka. Hapo hapakuwa na jambo la kupigia hesabu.

Na tusijidanganye kwa lile neno linalorudiwa vijiweni kwetu, kwamba Mfipa ni mtu wa uwanda wa juu, baridi na kimo amezaliwa navyo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Huo ni urefu mzuri kwa ngano na maharage, lakini mwili hauanzi kuhangaika sana mpaka uvuke 2,500, kwa hiyo Ufipa haikufundishi lolote kuhusu Kibo. Tena angalia ubaya wa ule mpango: Marangu Mtoni iko chini kuliko Sumbawanga! Kundi lililotoka uwanda wetu lilishushwa, likalazwa chini kuliko nyumbani kwake, na siku hiyo ikahesabiwa kuwa ya kuzoea mlima. Kwa mgeni kutoka Pangani ingekuwa na faida ndogo. Kwa mtu wa Mwimbi ni sifuri.

Utamaduni wenyewe sina ugomvi nao. Mahandaki yale walimojificha watu na ng'ombe wakati wa vita yanastahili siku nzima. Ugomvi wangu ni mahali yalipowekwa kwenye ratiba. Tazameni wenzetu wa Nepali wanavyoipanga njia ya kwenda kambi ya chini ya Everest. Unatua Lukla, mita 2,860. Unafika Namche, 3,440, na hapo unalala usiku mbili. Katikati ya usiku hizo mbili unapandishwa mpaka Khumjung kuona hekalu la Wabudha na kijiji cha Washerpa, halafu unarudishwa Namche kulala. Baadaye unafika Tengboche, mita 3,867, monasteri iliyoanzishwa 1916, ikaangushwa na tetemeko la 1934, ikateketea kwa moto 1989, ikajengwa upya. Unakaa alasiri nzima ukisikiliza watawa na tarumbeta zao ndefu, unapita polepole penye mawe yaliyochongwa sala, ukiyaacha mkono wako wa kulia kama desturi inavyotaka, na wakati wote huo mwili unazoea hewa nyepesi. Kisha Dingboche, 4,410, usiku mbili tena. Wakati wa msimu, pale Pheriche kuna kituo cha madaktari kilichoanza 1973 ambacho kila alasiri kinawafundisha wapita njia dalili za kuumwa kimo.

Wanatumia karibu siku nane kufika kambini, mita 5,364. Hiyo ni chini ya Uhuru kwa zaidi ya mita 500. Sisi tulitaka kufika juu kuliko wao kwa siku tatu na usiku mmoja, na utamaduni wote tukaumalizia bondeni.

Wapo watakaosema zama zimebadilika, watu wana kazi, hawana majuma ya kukaa mlimani. Basi twende kwa waliotangulia. Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo 1887, akashindwa. Aliporudi 1889 hakuongeza mbio. Aliifanya Marangu kwa Mangi Mareale kuwa ghala lake, akaweka kambi juu kidogo ya mita 4,300, chakula kikapandishwa na wapagazi kwa zamu ili asilazimike kushuka. Tarehe 3 Oktoba yeye na mwenzake Purtscheller walifika ukingo wa kreta mchana, wakaona sehemu ya juu kabisa iko mbele yao, wakageuka kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Waligeuka wakiwa wanaiona! Wakapumzika, wakasogeza malazi juu, na tarehe 6 wakasimama kileleni. Na aliyekaa nao kambi ile ya baridi, Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani asiyezoea barafu, hatajwi kwenye hotuba hata moja ya Desemba. Au mchukueni Wilfred Moshi, mwongozaji wa mlima huu huu, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, 2012. Huyo alijua maana ya kupanda, kushuka na kupanda tena kwa majuma mpaka mwili ukubali. Watu wa namna hiyo ndio wa kuulizwa ratiba iwe siku ngapi.

Kuna jambo nililisema mtandao ulipofikishwa Horombo Agosti 2022, na nalirudia. Mtandao ule una faida kubwa kwa uokoaji, lakini umewaletea viongozi wa misafara watazamaji. Kiongozi aliyeahidi picha ya kileleni saa moja asubuhi anaanza kuendesha kundi kwa ajili ya simu za watu walioko Laela na Namanyere. Sauti za wenzake wanaotapika pangoni kwa Hans Meyer hazimfikii. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha mwenge na bendera, nchi nzima ilingoja bila kumwona, na bendera ilisimama.

Si yote ya safari ile yaliyokosewa: wapishi walifanya kazi nzuri, wagumu walibeba kwa mizani halali, na mwendo wa siku ya kwanza ulikuwa wa polepole kama inavyotakiwa.

Nasikia michango ya Desemba ijayo imeshaanza. Ratiba ije mbele ya wachangiaji kabla ya shilingi ya kwanza, imeandikwa kwa mita za kulala, usiku kwa usiku: Mandara mmoja, Horombo mbili, Kibo mmoja, na kurudi Horombo. Kinukamori na mahandaki yawe baada ya kushuka, watu wakiwa na njaa ya kula na akili ya kusikiliza. Mazoezi ya miguu tunayo hapa hapa: teremka bonde la Kalambo mpaka chini ya maporomoko, mita zaidi ya 200, na kupanda tena siku hiyo hiyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Bajeti iwe na fungu la siku moja ya akiba ambalo halina jina la mtu wala la fulana. Na neno la mwisho la jioni ya Horombo, kupanda au kubaki, apewe yule kijana wa Kilema kwa maandishi.