Sifa za Fundi Anayetazama

Mafundi wengi wa intaneti, wakiitwa kwa kuwa waifai inasumbua, huanza kwa kuzima ruta na kuiwasha tena. Ikishindikana, hushauri inunuliwe nyingine yenye antena nyingi zaidi. Ninayetaka kumsifu ni yule anayekaribishwa kiti akakataa, akatoa simu na kufungua programu ya kuchungua mitandao, mathalani WiFi Analyzer ya Android. Kwa muda hagusi chochote. Anatazama.

Kwenye kioo hujichora matao ya rangi, kila tao na mtandao wake. Ruta hujitangaza zenyewe, kwa kawaida takriban mara 10 kwa sekunde, na programu huyaokota matangazo hayo: jina, chaneli, nguvu. Katika ghorofa la Kariakoo matao hupandana hata usione mstari wa chini. Mna mashabiki wa Simba, mna wa Yanga, mna duka la vitenge, na hakosi mmoja aliyeipa ruta yake jina la kumsuta jirani.

Nguvu huandikwa kwa desibeli hasi, nazo huwatatiza wanaoanza: -40 ni kubwa kuliko -70. Wala si kubwa kidogo. Kila desibeli 10 ni mara 10, hivyo baina ya hizo mbili pana tofauti ya mara 1,000.

Utamu wenyewe uko kwenye chaneli. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 13 katika nchi nyingi, zilizoachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mtandao mmoja hutaka kama megahezi 20. Ndiyo maana hutajwa tatu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Mwanagenzi akiziona zote tatu zimejaa hukimbilia ya 8, akidhani kapata uwanja mtupu. Fundi aliyeiva huiweka ruta kwenye 6, papo hapo alipo jirani, na mwenye nyumba hushangaa. Kumbe ruta za chaneli moja husikilizana: mmoja akisema mwingine husubiri, kama wazee barazani. Iliyo kwenye 8 husikika kwa wa 6 na wa 11 kama kelele tu, na kelele zao nazo huirudia. Aliyejibanza katikati huwaudhi wa pande zote mbili, naye hapati raha.

Mji Mkongwe, Unguja, tatizo ni jingine. Nyumba zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Gigahezi 5 ina nafasi tele, ila mawimbi yake hupenya ukuta kwa shida zaidi. Hapo fundi huenda chumba kwa chumba, polepole, na upole huo una sababu: tangu Android 9 ya 2018, programu iliyo wazi huruhusiwa kuchungua mara 4 tu kila dakika 2. Mwenye haraka husoma namba za chumba alichokwisha kutoka.

Na kioo hakioni yote. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, lakini haina jina wala tao. Tao refu nalo laweza kuwa la ofisi iliyofungwa, ruta inajitangaza usiku kucha bila mtu wa kuitumia. Kwa hiyo fundi huuliza: hukatika saa ngapi? Saa hizo jikoni kuna nani?

Dawa mara nyingi ni ndogo: ruta hutolewa nyuma ya televisheni ikapandishwa juu ya kabati. Ugomvi wa malipo huanzia hapo, maana mteja ameona kisanduku kikihama tu. Wajanja humwonyesha kioo kabla na baada, -78 imekuwa -61, ndipo wakataja bei. Wengine huongeza waya mpya usio na kazi, ili mteja aone alicholipia. Siwalaumu sana.