Kicheko cha Mzazi

Ukiifungua riwaya ya Watermelon, unakutana kwanza na tarehe: 15 Februari. Unaambiwa kwamba siku hiyo msimulizi alizaa mtoto wake wa kwanza. Halafu unaambiwa kwamba siku hiyohiyo mume wake alimwacha. Ni mambo matatu katika sentensi fupifupi, bila tone la chozi. Kinachofuata si kilio. Mwanamke huyu anaanza kupima, kwa utulivu wa karani anayekagua stakabadhi, kama huenda matukio hayo mawili yanahusiana. Msomaji anacheka, na akishacheka amenaswa: amekwisha kuingia wodini, ameketi kando ya kitanda, na hawezi tena kuondoka kabla ya kujua mama huyu atafika wapi na kichanga chake.

Nimezirudia kurasa hizo mara nyingi, nikitafuta mahali fundi alipofichia sindano.

Fundi mwenyewe ni Marian Keyes, aliyezaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1963. Alisoma sheria Dublin, akahamia London, akafanya kazi katika ofisi ya uhasibu huku pombe ikimtawala. Alipoiacha, baada ya matibabu, alipeleka hadithi zake fupi kwa wachapishaji wa Poolbeg, Dublin, akawadokezea kwamba ana riwaya pia. Riwaya haikuwepo. Walipomwomba waione, ikabidi akae chini na kuandika sura za mwanzo mbiombio. Kitabu hicho, Watermelon, kikatoka mwaka 1995.

Labda ndiyo maana kinasikika kama kinasemwa, si kama kinaandikwa. Claire, msimulizi mwenye miaka 29, anazungumza nasi kama shoga yako anayemenya vitunguu jikoni: anaanza jambo, anakumbuka lingine, anachepuka kuelezea gauni la kijani la mimba lililomfanya afanane na tikitimaji, kisha anarudi palepale alipoacha. Mtu asiye makini ataona ni porojo. Lakini zitazame hizo chepuko zinatokea wapi. Kila maumivu yanapokaribia mfupa, Claire anahamia kwenye mzaha, na kuhama huko ndiko kunakotuonyesha mfupa uko wapi. Angesema moja kwa moja kwamba anaumia, tungemhurumia na kufungua ukurasa unaofuata. Anapokwepa, tunamfuata.

Anambeba mtoto wake, Kate, kutoka London mpaka kwa wazazi wake Dublin. Kwetu, mwanamke kurudi kwao na kichanga ni jambo linalojulikana: kuna uji wa pilipili manga, maji ya moto, na siku arobaini za kuhesabiwa. Claire anapokewa na mama aliyekwisha kutangaza kwamba hapiki tena, na chakula cha kupasha moto kwenye maikrowevu. Kuna mdogo wake Anna, anayeelea katika dunia yake, na kitinda mimba Helen, mzuri wa sura na asiye na breki mdomoni. Hapa Keyes anafanya kazi ngumu kuliko zote. Upendo wa nyumba hiyo haukai kwenye maneno matamu, umekaa kwenye kutaniana na kukatana kauli. Anayejua utani wa ndugu ataelewa upesi: unayemsema vile ni yule ambaye huwezi kumtupa.

Mtoto naye hakufanywa pambo. Anataka kula, anataka kubadilishwa nepi, hata kama mama yake yuko katikati ya kumlaani mwanamume. Huzuni ya Claire ingeweza kujaza kitabu kizima. Kate anaikatakata vipande vya saa mbili au tatu, kama ilivyo kwa kila mzazi.

Mwaka huohuo wa 1995, tarehe 24 Novemba, Waireland walipiga kura kuiondoa katika katiba marufuku ya talaka iliyokuwapo tangu 1937. Waliotaka iondolewe walishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 10,000. Katika nchi iliyogawanyika hivyo, mke aliyeachwa kurudi kwao na mtoto mchanga halikuwa jambo dogo. Keyes hakuhubiri juu ya hilo. Alimpa mke huyo sauti ya kuchekesha na kuwaacha wasomaji wamzoee.

Ufundi wake unapimwa vizuri zaidi pale James, mume mtoro, anaporudi. Hapigi magoti. Anadai kwamba aliondoka kwa makosa ya Claire mwenyewe: eti ana kelele, ana ubinafsi, hajakomaa. Na Claire anaanza kuamini. Anaukaba ucheshi wake, anaahidi kuwa mtulivu, na sisi tunaoukosa utani wake tunagundua kabla yake kwamba kuna mtu anaibiwa. Keyes hakuhitaji kutueleza kwamba huo ni ukatili. Alizima taa moja tu, nasi tukaliona giza. Claire anapougundua uongo wa James, harudi kwake.

Kitabu kina kasoro zake. Kinarefuka kuliko kinavyohitaji, na Adam, kijana anayemfariji Claire, ana uzuri unaotiliwa shaka. Lakini mwaka 2001, mwandishi Mwingereza Beryl Bainbridge alipozibeza hadithi za aina hii kuwa ni povu, alikosea. Aliyewahi kufua nepi kwa mkono analiheshimu povu. Keyes mwenyewe aliendelea na mabinti wote watano wa nyumba ile, kitabu baada ya kitabu, akipitia uraibu na msiba, hadi The Mystery of Mercy Close ya mwaka 2012, ambamo Helen, yule mwenye mdomo, anazidiwa na sonona. Sauti ni ileile ya kuchekesha, na mzigo wenyewe si mwepesi hata kidogo.

Wepesi wa hadithi ni kazi ya mikono, kama mshono usioonekana kwenye gauni lililokaa vizuri. Kitabu hiki kikikufikia, msomee ukurasa wa kwanza mtu aliyewahi kulea kichanga usiku peke yake, kisha sikiliza anacheka wapi.